Tenga la Kuku Kichwani kwa Afande

Mnanisumbua na kisa hiki kama vile redio zote zimekufa. Haya, kaeni.

Nyamizi alikuwa akipandisha mlima na tenga la kuku kichwani, anakwenda mnadani. Askari Lugendo, mpenda haki na mpenda mchuzi, akamsimamisha.

"Mama, umekamatwa."

"Kwa kosa gani, afande? Sheria si inataka niambiwe?"

"Utaambiwa kituoni. Ukibisha, nakuandikia kukataa kukamatwa. Au niachie yule jogoo mwekundu, tusahau."

Wengine tengani walikuwa mitetea wakongwe. Jogoo ndiye aliyekuwa safari yenyewe.

Nyamizi akapiga goti. "Sikatai, baba, twende. Ila kuku sasa ni kidhibiti. Nikikibeba mimi mshitakiwa, nikamwachia jogoo vichakani, wakubwa zako watasemaje?"

Lugendo akamwona kwa mawazo jogoo akipotelea vichakani. Akajitwika tenga mwenyewe.

Alipofika kituoni anahema, sare imechafuliwa na kuku mabegani, alimkuta Nyamizi kwenye benchi, ameshamwamkia mkuu wa kituo na kumwambia kuwa aliyemkamata yuko njiani, kazidiwa na mlima.

"Huyu amekataa kukamatwa," Lugendo akasema.

"Amekataa, halafu akafika kabla yako?" mkuu akauliza. "Na kosa la kwanza lilikuwa lipi?"

Lugendo akamtazama jogoo. Jogoo hakumsaidia.

Mkuu akaamuru mzigo wa mama ufikishwe ulikokuwa ukienda. Lugendo akalipa kwa shingo yake: akalibeba tenga hadi mnadani, mbele ya wote aliozoea kuwasimamisha, Nyamizi akitangulia mikono mitupu.