Mafungu Matatu ya Mtama

Hapo zamani za kale, siku ambazo Kiboko alikuwa na jembe lake na Nyati alipika kwa kuni kama bibi yenu, majirani watatu walilima shamba moja la mtama. Wa kwanza alikuwa Bwana Kiboko, wa pili Bwana Nyati, na wa tatu Bi Digidigi. Huyu Bi Digidigi akisimama kando ya Nyati ungedhani ni kwato lililodondoka. Msicheke sana, hata nyinyi si wakubwa kiasi hicho.

Kabla ya kulima walikubaliana: kazi pamoja, mavuno sawa kwa sawa. Kiboko akalaza vichaka kwa tumbo lake, Nyati akalima. Na mtama ulipoanza kuiva, nani aliyefukuza ndege? Bi Digidigi. Kutwa nzima alikimbia huku na huku, "Swaa! Swaa! Tokeni hapa!" mpaka sauti ikamkauka. Wale wawili walikuwa kivulini, wanakoroma.

Mwaka uliotangulia alifanya kazi hiyo hiyo. Siku ya kugawana, Kiboko na Nyati wakajizolea walivyotaka, yeye wakamwachia wa kufagia, nusu mtama nusu mchanga. Wanawe wawili walipitisha kiangazi kizima wakitafuna majani ya miiba. Hata mimi niliposimuliwa iliniuma. Basi safari hii Bi Digidigi akaapa kwamba wanawe watakunywa uji, iwe iwavyo.

Mtama ukapurwa, pu, pu, pu. Ukapepetwa, ukawa safi. Ikabaki kugawa.

Huko kwao kugawa kulikuwa na desturi yake. Mgawaji hugawa peke yake, wenzake wakiwa mbali. Kisha wao ndio huchagua kwanza, na yeye huchukua fungu linalobaki. Na ukishaweka mguu juu ya fungu, hilo ni lako, hubadilishi.

"Mwaka huu agawe nani?" akauliza Nyati.

Kiboko akamkonyeza. "Mimi naona Bi Digidigi. Ana mkono mwepesi, na hana makuu."

Mkono mwepesi wapi! Alichokitaka ni Bi Digidigi achukue mwisho. Nyati akaelewa, akakohoa ili asicheke.

"Mmenipa heshima, wakubwa zangu," akasema Bi Digidigi, macho chini. "Basi nendeni mkaoge. Nikimaliza nitawaita."

Wakaenda zao mtoni, chubwi, chubwi, wanagaagaa kwenye tope na kupongezana.

Huku nyuma Bi Digidigi akatandika majamvi matatu pahali alipopachagua mwenyewe. Msiniulize wapi, mtajua. Akashika kipimo chake cha pishi, akapima na kumwaga, akapima na kumwaga, mpaka punje ya mwisho. Kisha akaita.

Wale wawili wakaja wanachuruzika maji. Walipoona, wakakodoa macho.

Fungu la kwanza lilikuwa limenyanyuka kama paa la kibanda. La pili lilikuwa dogo kidogo, lakini nalo lilikuwa kilima. La tatu, loo, lilikuwa pale chini, bapa, la kuku wawili.

"Bi Digidigi," akasema Kiboko polepole, "umegawa mwenyewe?"

"Mwenyewe, bwana."

"Na umeridhika?"

"Mimi mdogo, bwana. Nitakosaje kuridhika?"

Kiboko hakungoja neno jingine. Akakurupuka, bwaa, mguu juu ya fungu la kwanza. Nyati akanuna, lakini akaliangalia lile bapa, akacheka, akaweka kwato juu ya la pili. Bi Digidigi akasogea taratibu na kuweka kikwato chake juu ya la tatu.

"Mmechagua?" akauliza.

"Tumechagua."

"Habadilishi mtu?"

"Abadilishe ana wazimu?" akasema Nyati.

Wakaanza kujaza magunia. Kiboko akachota mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kwaruu! Jamvi likafunuka. Chini yake kichuguu kizima, kipana, na mchwa wake ndani. Nyati naye akachota, ngo! Kisiki.

Na Bi Digidigi? Alikuwa bado anachota. Anachota na fungu haliishi, kwa sababu jamvi lake alilitandika ndani ya shimo.

"Umetuibia," akanguruma Nyati, pembe mbele. "Wee mdogo, leo nakukanyaga."

Bi Digidigi aliogopa, siwafichi. Lakini hakukimbia. Akamsukumia Nyati kile kipimo. "Pimeni kwanza. Mkikuta nimewaibia, nikanyageni."

Wakapima. La Kiboko, pishi ishirini. La Nyati, pishi ishirini. La Bi Digidigi wakalipima mara mbili, kwa kutoamini. Pishi ishirini.

"Lakini mimi nilichagua kubwa," akasema Kiboko.

"Na kubwa ulilitakia nini, bwana, na sisi tulikubaliana sawa kwa sawa?"

Kiboko akafungua kinywa, na mnakijua kinywa cha Kiboko.

"Ningeyapanga yakalingana machoni," akasema Bi Digidigi, "mngechota tena kwenye langu, kama mwaka jana. Leo hamkuligusa, maana mlidhani mmekwisha kunipunja. Kila mtu ana haki yake. Kwaherini, wanangu wananingoja."

Akaburura gunia lake mpaka kwake. Jioni ile wanawe walikunywa uji mpaka wakalala na vibuyu mikononi. Kiboko na Nyati walibaki shambani, kila mmoja na haki yake kamili, wamenuna kama walioporwa.

Hadithi yangu naiweka chini hapa, na funzo lake ni hili: mwenye tamaa, hata akipewa haki yake kamili, huona ameibiwa.