Mlango wa Nyuma

Wapo wanaodhani kwamba methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" ilitungwa na mgeni mwenye njaa aliyetaka kukaribishwa. Huenda. Hata hivyo, maana yake ni kwamba mgeni huja na macho mapya, akaona dawa pale ambapo mwenyeji amekaa siku nyingi akiugulia. Asiyesadiki na asikilize habari za Mama Funguo.

Mama Funguo alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na minane. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kitita cha funguo kilicholia kiunoni mwake kila alipopiga hatua. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikitia katika vyumba vinne vya kupangisha, alivyovijenga kwa mstari katika kiwanja alichorithi pamoja na kaka yake. Alitaka kodi ya kila mwezi na uzee usiomtegemea mtu. Vyumba vilikuwa imara, na milango yote minne ilitazama baraza lake, ili akiketi kwenye kiti chake amwone kila aingiaye na kila atokaye. Kustaafu alistaafu, lakini stoo haikumtoka. Getini alibandika masharti kumi na saba, likiwemo la kukataza kazi yoyote yenye kelele.

Miezi mitano ikapita, vyumba vitupu. Waliokuja kuuliza walisoma hadi sharti la tano, wakaaga kwa adabu.

Kaka yake, dalali wa magari, hakuwa mtu mbaya ila subira hakujaliwa. Walikuwa wamepatana tangu mwanzo: miezi sita ikiisha bila wapangaji, kiwanja kiuzwe chote, pamoja na nyumba anayoishi dada, wagawane. Jumanne moja, mwezi wa sita ukielekea ukingoni, alipiga simu kusema kwamba mnunuzi amepatikana na Jumamosi atakuja naye. Mama Funguo alibaki na simu mkononi, akiitazama nyumba yake kama inayoaga.

Siku hiyo hiyo akabisha hodi fundi viatu mmoja, mtu wa makamo, vidole vimekomaa kwa gundi na sindano. Alihitaji chumba cha kuishi na kufanyia kazi. Mama Funguo alimweleza kwamba hapo nyundo haziruhusiwi, akamtakia safari njema. Fundi akasema ameelewa, ila kwa kuwa ametoka mbali, aliomba walau akione chumba. Kutazama hakukuwemo katika yale kumi na saba, kwa hiyo akafunguliwa cha mwisho.

Ndani, fundi hakuitazama sakafu iliyokuwa iking'aa. Aliinua kidole kuomba kimya, akasogeza sikio kwenye dirisha dogo la nyuma, ambalo Mama Funguo alikuwa amelipigilia mbao kwa kuhofia wezi.

"Sikiliza, mama," alisema. "Nani hao?"

Zilikuwa nyayo za watu. Zilipita kandambili, vikapita viatu vya visigino, ikapita baiskeli inayosukumwa, na mazungumzo yasiyokatika. Mama Funguo alisema ni wapita njia tu, wanaokatiza hapo nyuma tangu stendi ilipohamishwa.

"Umejenga vizuri sana, mama, lakini watu wote hawa umewapa mgongo. Juu ya dirisha tayari pana linta ya zege inayobeba ukuta. Tukikata ukuta kutoka hapa hadi chini tunapata mlango, na chumba kinakuwa fremu ya biashara. Gharama nitoe mimi, uzikate kwenye kodi."

"Na mlango huo nitauona vipi kutoka barazani?"

"Hutauona. Watauona wao."

Mama Funguo alikiwaza kiti chake, akaiwaza Jumamosi. Kisha akashika ubao wa kwanza dirishani, akaung'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake mwashi alianza kazi. Tundu lilipofikia ukubwa wa sinia, vumbi likiwa bado linaelea, uso wa mwanamke ulichungulia kutoka njiani kuuliza kama hapo panapangishwa. Alikuwa mshonaji, ametafuta fremu mwezi mzima. Mama Funguo alijibu ndiyo kabla hajakumbuka kuuliza habari za kelele za cherehani. Alasiri akaja fundi simu. Alhamisi wakaja dada wawili wauza vitabu vya shule, wakachukua chumba cha pembeni. Kodi ya mmoja ndiyo iliyomlipa mwashi afungue mlango wa mwenzake. Mama Funguo alikuwa akikimbia, naam, kukimbia na miaka yake yote, kutoka barazani hadi njiani, kuona tu mlango mwingine ukizaliwa. Masharti ya getini aliyabandua, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuvunja la kumi na moja, lililokataza vigelegele.

Jumamosi, kaka na mnunuzi wake walibisha getini wasijibiwe. Wakazunguka nyuma kufuata kelele, wakakuta nyundo, cherehani, redio na watu wamesimama foleni. Dada mtu alikuwa kwenye benchi la fundi viatu, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake.

Mnunuzi aliihesabu milango minne iliyo wazi. "Ningekuwa ndugu yake," alimwambia kaka, "kiwanja hiki nisingekiuza." Akaaga.

Kaka alikohoa. Akauliza kama hakuna fremu iliyobaki, maana hata yeye alikuwa akihitaji ofisi.

"Zimejaa, kaka. Ungekuja Jumatano."

"Lakini watu wote hawa umewatoa wapi?"

Mama Funguo alimwonyesha fundi, aliyekuwa ameinamia kazi, misumari midomoni. "Muulize huyu. Mimi nilikuwa nimeshamfukuza."

Kiatu kilipokuwa tayari, alikivaa, akainuka kwenda kwake. Funguo za vyumba alikuwa amewagawia wapangaji, kiunoni umebaki mmoja tu, wa nyumba yake. Alitembea bila kusikika, akicheka peke yake njia nzima, na hapo ndipo kaka alipokubali kwamba wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.