Kigingi Kisichovutwa

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anaitikia huku anasinzia? Hadithi hii haisikilizwi kwa kuegemea ukuta. Kaeni wima. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, saruji ikiwa bado haijaonwa na jicho la mtu, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Nyumba zilipandana, paa la huyu chini ya ua wa yule. Watu walilima tangawizi na migomba, wakala, wakashiba, wakalala.

Mwaka huo hawakulala. Masika ilianza mapema, na juu ya kijiji ardhi ikapasuka. Ufa! Mrefu, umepita juu ya nyumba zote. Milango ikagoma kufungwa. Vyungu vikaviringika vyenyewe, gulu gulu gulu, mpaka mlangoni. Kuku wakakataa kuingia bandani. Na mlima ukawa unanguruma tumboni: kruuu... kruuu... Mtu akikaa, anainuka. Akiinuka, hajui aende wapi.

Nyumba ya juu kabisa, karibu na ufa, ilikuwa ya Nakijwa, binti wa jumbe. Alikuwa amejifungua juzi tu. Na mila ya kijiji ilisema: mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Akitoka mapema, mtoto hakai duniani. Baba yake, Jumbe Senkoro, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila. Akienda kumwona mwanawe, anauona ufa. Akirudi, anauona ufa. Maskini jumbe!

"Uzibeni!" akaamuru.

Wakauziba kwa udongo wa kichuguu. Mvua ikaja, udongo ukasombwa. Wakakamua utomvu wa miti, wakaupika, wakaumimina. Mvua ikaja, ufa ukapanuka, utomvu ukabaki unaning'inia kama makamasi ya mtoto.

Sasa, palikuwa na bibi mmoja, Bibi Nangasu, mtega fuko. Mnamjua fuko? Yule panya wa chini ya ardhi anayemaliza viazi vya watu. Bibi huyu hakuwa mtu wa kukaa kitako. Akifika kwako, anatikisa mlango, anavuta kamba ya mbuzi, anasukuma nguzo ya banda. Watu wakamchoka. "Bibi, tulia! Mkono wako una upele?" Lakini mkono huo ulikuwa umeingia kila shimo la mlima ule, mpaka begani.

Akamwendea jumbe, akamwongoza hadi kwenye shimo la fuko.

"Ingiza mkono, jumbe. Umeupata mguu wake? Mvute."

Jumbe akavuta. Fuko haji. Akavuta tena, jasho likamtoka. Fuko haji ng'o!

"Kaingia amenyooka," bibi akasema. "Ukimvuta, anajitanua, anakingama. Kadiri unavyovuta ndivyo anavyokaza. Na kakaza wapi? Udongo huu wa juu ni uji mtupu, ndio unaoteremka. Chini yake kuna udongo mwekundu, mgumu, hauendi popote; humo ndimo alimokaza. Tuushone wa juu kwenye ule wa chini, kwa vigingi vinavyokingama kama fuko."

Kazi ikaanza. Wakachonga vigingi vya mpingo, kila kimoja kimefungwa kamba ya mkonge katikati. Wakavipigilia ardhini kwa mtaimbo mrefu, ti! ti! ti!, mpaka mlio ukabadilika: ko! ko! Wamefika kwenye udongo mwekundu. Mtaimbo ukatolewa, kamba ikabaki nje.

"Sasa vuteni," bibi akasema.

Vuteni? Si tumetoka kupigilia sasa hivi? Wakavuta. Kamba ikaja, shibiri nzima. Wanawake wakapiga yowe: "Kinatoka!"

"Vuteni!"

Tka! Huko chini kigingi kikageuka, kikakingama. Kamba ikasimama nge!

"Kimekuja?" bibi akaita.

"Kimegoma!"

Kamba ikafungwa kwenye gogo lililolazwa juu ya ardhi, gogo likaukandamiza udongo. Wakaenda kwenye kigingi kingine. Kimekuja? Kimegoma! Na kingine. Kimekuja? Kimegoma! Mpaka wakafika juu ya nyumba ya Nakijwa.

Hapo jumbe akasimama mbele ya kamba. "Hiki hakivutwi."

"Kwa nini?"

"Kilichopandwa hakitingishwi. Ndivyo tulivyofundishwa. Humo ndani yumo mwanangu na mjukuu wangu. Kikitoka je?"

"Muhogo haung'olewi ili kuangalia mizizi, kweli," bibi akasema. "Lakini kigingi si muhogo. Usipokivuta, jumbe, hujafunga kitu. Umezika mti tu."

Jumbe akakataa, na neno la jumbe ni neno la jumbe. Kamba ikafungwa kwenye gogo vivyo hivyo, bila kuvutwa. Mnamcheka? Angekuwa mwanao humo ndani, ungevuta?

Kesho yake adhuhuri mvua ikashuka. Ile haikuwa mvua, ilikuwa ghadhabu. Mlima ukajikunja: kruuu! Kamba zote zikakaza, nge! nge! nge!, magogo yakashika. Moja tu ikalegea, ile ya jumbe. Gogo lake likaanza kuteleza. Udongo ukasukuma ukuta wa Nakijwa, fito zikakatika, kwacha! kwacha!

Nakijwa akalia kutoka ndani: "Baba! Nitoke, nisitoke?"

Jumbe akapanda mbio, kofia imedondoka, akaidaka kamba. Bibi Nangasu akamshika kiuno, watu wakamshika bibi. Kamba ikaja shibiri. Ikaja nyingine.

"Kinatoka!" jumbe akalia. "Bibi, kinatoka, nimemuua mwanangu!"

"Usiachie! Vuta!"

Akafumba macho, akavuta.

Tka!

"Kimekuja?" bibi akauliza.

Jumbe akavuta. Akavuta tena. Akaanza kucheka huku analia. "Kimegoma, bibi! Kimegoma!"

Wakaifunga. Gogo likashika. Udongo ukasimama pale pale, umeegemea ukuta wa Nakijwa.

Kitovu kilipodondoka, Nakijwa akatoka na mtoto mgongoni. "Baba," akasema, "nilikuuliza, ukanyamaza."

Jumbe akainamisha kichwa. "Siku nyingine usiniulize, mwanangu. Toka."

Bibi Nangasu alikufa mzee sana. Lakini kila mwaka, kabla ya masika, kijiji kizima hupanda juu kuvuta kamba moja moja. Na jumbe, mpaka meno yakamwisha, ndiye aliyekuwa akiita: "Kimekuja?"

Wajukuu zangu, unachokitegemea kivute siku ya jua. Ukiogopa, mvua itakivuta yenyewe.

Hadithi yangu nimeifunga hapo. Mwenye shaka na aivute.