Farasi Aliyechezewa Karata

Hapo zamani, katika mji wa mlimani uliosinzia ukunguni mchana kutwa, alikuwapo mwanamke aitwaye Mkasi. Baba yake alikuwa na farasi jike mweupe. Akitembea ukunguni, ungedhani anaelea. Baba akampoteza kwa Bwana Ghalibu katika mchezo wa karata uitwao poka, akafa kwa huzuni. Tangu hapo, kila Mkasi alipofumba macho, alimsikia farasi yule akilia.

Akaenda kumwomba Ghalibu amrudishe. Ghalibu akajibu, "Kwa karata alikuja, kwa karata ataondoka."

Mkasi hakuwahi kushika karata. Akamwendea Mboni, dada wa baba yake. "Shangazi, nifundishe."

Mvua ikanyesha, wakaketi mkekani. Akajifunza kopa na uru zilizo nyekundu, shupaza na pau zilizo nyeusi. Akajifunza kwamba karata tano za aina moja huwapiga wafalme watatu, na kwamba anayezilaza zake kabla hazijafunuliwa ameshindwa. Hata usingizini aliwaona wafalme wakipita bustanini polepole, wakimsalimu kwa jina.

"Na uso," alisema shangazi, "uwe kama maji ya mtungini."

Lakini Mkasi hakuwa na cha kuweka dau. Mumewe Shaha, mpiga udi, akasema, "Weka udi wangu."

"Tutakula nini, mume wangu?"

"Weka."

Siku ya kucheza na Ghalibu ikafika, karata zikagawiwa. Mkasi akatazama zake: nyekundu, zote tano. Moyo ukatulia tuli. "Naweka udi."

Ghalibu akamkazia macho. Uso ule haukutikisika. Akaogopa, akazilaza karata zake. "Nimeshindwa."

Mkasi akafunua zake kwa furaha. Ghalibu akaruka. "Kopa nne, uru moja! Huna kitu! Mimi nina wafalme watatu. Farasi ni wangu!"

"Umezilaza mwenyewe," alisema Mkasi. "Sikukudanganya. Niliamini zote tano ni kopa, uso wangu ukasema nilichoamini. Ni wangu."

Shangazi akasema, "Mwanangu, nilikuwa nyuma yako. Niliiona ile uru, nikanyamaza. Ningekohoa tu, uso wako ungebadilika. Ni wangu."

Shaha akasema, "Ninyi mliweka karata. Mimi niliweka riziki yangu, wala sikuuliza. Ni wangu."

Wakabishana hata ukungu ukaingia nyumbani, zikabaki sauti tupu. Na farasi hagawanyiki.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, hatamu ziko mikononi mwenu. Mngemkabidhi nani: aliyeshika karata bora, aliyeamini, aliyenyamaza, au aliyeweka udi wake?