Uzi wa Kioo Ulioanzia Katikati

Mhunzi hasifiwi kwa koleo lake, bali kwa anachofanya siku koleo linapomvunjikia mkononi. Ndivyo wanavyosema wahenga, na waliosadiki ni wachache mpaka yawakute.

Fundi mmoja, ambaye wenzake walimwita Bi Nywele, alikuwa akitengeneza jairoskopu, kifaa kinachoiambia ndege imegeukia wapi hata ikiwa ndani ya mawingu mazito. Humo mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, umezungushwa kwenye gurudumu dogo, na mwanga huingia kwa ncha zote mbili; ndege ikigeuka, mmoja humtangulia mwenzake kufika, na kifaa hupima tofauti hiyo. Kifaa chake kilikuwa na ila moja: kikipata joto, kilidanganya. Kimekaa mezani tuli, chenyewe chadai kinageuka! Mkuu wa karakana alikwisha kuchoka. Alisema wazi kwamba jaribio la Ijumaa likishindikana, kazi hiyo itafungwa na chumba watapewa wengine. Bi Nywele alikuwa ameipa kazi hiyo ujana wake wote.

Jumatano, mashine ya kuzungushia uzi ikafuka moshi, ikakata roho. Bi Nywele akakaa sakafuni akalia. Wifi yake, fundi wa vipimo chumbani humo na mtani asiyejua kunyamaza, akamwuliza kama machozi huzungusha uzi. Kisha akavuta kiti, akasema watazungusha kwa mikono.

Uzi ulikuwa mmoja, wao wawili, na hakuna aliyekubali kukaa akimtazama mwenziwe. Basi wakaanzia katikati, kila mmoja akashika nusu yake, wakapokezana: tabaka lako, tabaka langu. Mashine siku zote ilianzia nchani, kama uzi wa cherehani, ncha moja ikazikwa ndani na nyingine ikabaki nje. Ghafla Bi Nywele akasimamisha mkono.

"Wifi, tazama. Sasa ncha zote mbili zitabaki nje, pamoja. Joto likija litazikuta kwa wakati mmoja."

"Ndiyo nini?"

"Hakuna itakayomdanganya mwenzake."

Ijumaa Mkuu akawasha hita, akakunja mikono. Mstari kwenye skrini, uliozoea kupanda, ukalala. Akaongeza moto. Mstari ukakataa katakata kuinuka. Akauliza ile mashine ya kuzungushia uzi ilirekebishwa lini.

"Bado mbovu, Mkuu," wifi akajibu, "na tunaomba ibaki hivyo."

Mkuu akacheka mpaka akashika meza, akaamuru kifaa kifungwe kwenye ndege. Bi Nywele akalia tena, safari hii kwa furaha, na wifi yake hakumtania. Pembeni mashine ilikuwa imekufa kifo cha mende, na kazi ndiyo kwanza imeanza. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.