Kula Wewe

Mtu akiumwa na asijue anaumwa nini, macho yake hayatulii. Humtazama jirani, humtazama ndugu, humtazama hata paka anayekatiza uani, akimtafuta aliyemfanyia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Mkunjo, mpiga pasi wa duka moja la dobi, mwanamke aliyekuwa mpole kama maji ya mtungini hadi siku tumbo lake lilipoanza kuwaka.

Jina la Bi Mkunjo alipewa kwa utani na wenzake, kwa kuwa mkunjo ulikuwa adui yake mkubwa. Suruali ikipita mikononi mwake ilitoka na mstari mkali kama wembe. Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo moja na mvuke usiokwisha. Nguo zilizokwisha kunyooshwa zilitundikwa juu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Feni ilipozipuliza zilijigeuza taratibu, mabega bila vichwa, mikono bila viganja, kana kwamba umati wa watu uliopoteza miili umekuja kumtazama. Hizo alikuwa amezizoea. Kilichomshinda ni mgongo. Kusimama kutwa na pasi nzito kuliufanya uwe unauma kama jino bovu.

"Shoga, unajitesa bure," Kasuku alimwambia asubuhi moja. Kasuku alikuwa mpokea nguo wa pale mbele, mcheshi, mwenye ulimi usiojua likizo. "Meza hivi viwili. Ikifika saa nne utasahau kama una mgongo."

Vilikuwa vidonge vya rangi ya waridi, vidogo, vizuri kama peremende. Akavimeza kwa maji matupu, maana hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Na kweli, ilipofika saa nne alikuwa anaimba. Tangu siku hiyo akawa anajinunulia mwenyewe katika duka la dawa la pale pembeni, pasipo kuulizwa wala kuuliza. Karatasi za vidonge alizitia mfukoni mwa aproni, mwa koti, hata mwa gauni la kutokea. Mgongo ukinong'ona tu, mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni.

Mume wake, fundi wa lifti, alimleta mama yake kuishi nao mwaka huohuo. Kiharusi kilikuwa kimempitia bibi huyo upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono umelala, na mguu mmoja aliuburuta: srrr, kisha kimya, srrr, kisha kimya. Maneno yake yalikuwa yametawanyika kama shanga zilizokatikiwa uzi, akabakiwa na machache tu. Walimpa chumba kidogo kando ya jiko. Mchana aliketi pale mlangoni, hasemi, hasinzii, akimfuata mkwe wake kwa jicho moja lililo zima na jingine lililolegea.

Asubuhi ya kwanza, Bi Mkunjo alikuwa amesimama jikoni, glasi ya maji mkononi, vidonge ulimini. Akahisi pumzi shingoni. Hakuwa amesikia ule mguu. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa nyuma yake, karibu mno.

"Kula wewe," bibi akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Kula... wewe." Akanyoosha kidole kinachotetemeka, akamgusa tumboni, juu ya kitovu, chini kidogo ya chembe cha moyo. Bi Mkunjo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Haukupita muda mrefu, palepale palipoguswa pakaanza kuwaka.

Mwanzoni ulikuwa moto mdogo, kama wa kibiriti. Kisha ukawa kama mtu ameketi humo ndani anachokora kwa kijiti. Akila, moto ulitulia. Tumbo likibaki tupu, ulirudi kwa hasira, kana kwamba mna kitu kinachodai haki yake. Alianza kukonda. Magauni yaliyokuwa yakimshika yalimning'inia sasa, naye alipojiona kwenye kioo cha kazini, katikati ya zile nguo zisizo na watu, siku moja alishindwa kutambua haraka yupi ni yeye.

"Alikugusa wapi?" Kasuku aliuliza siku alipomsimulia.

"Hapa."

"Na panauma wapi?"

"Hapahapa."

Kasuku akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mimi sisemi kitu, shoga yangu. Mimi nauliza tu. Mtu mwenye mdomo uliopinda, akitaka kusema 'nakula wewe', si itatoka hivyohivyo?"

Bi Mkunjo alisikia nywele zikimsimama. Kutoka siku hiyo hakutia tena mdomoni chochote kilichopikwa au kuguswa na mama mkwe. Uji ambao bibi alihangaika kuukoroga kwa mkono mmoja kila alfajiri, ukimwagika nusu, aliubeba mpaka uani akaumwaga. Akaenda kazini na njaa yake, akameza vidonge juu ya njaa. Tumbo lilipozidi kuuma, akaongeza vidonge, kwani si ni dawa ya maumivu?

Kisha mambo ya mifuko yakaanza. Alivaa koti asubuhi, akatia mkono, akakuta mfuko umepinduliwa nje, unaning'inia kama ulimi. Kesho yake, gauni. Kesho kutwa, aproni aliyoileta nyumbani kufua. Hakuna kilichoibwa isipokuwa vile vikaratasi vyake vya dawa, vilivyojaa na vilivyokwisha. Na chooni aliona jambo ambalo hakumwambia mtu, kwa aibu na kwa hofu: choo chake kilikuwa cheusi, kinang'aa kama lami. Moyoni akasema, basi ndivyo mtu anavyooza angali hai.

"Mama yako anapekua nguo zangu," alimwambia mumewe.

"Mama yangu? Hawezi hata kufunga kifungo."

"Kufunga hawezi. Kufungua anaweza."

"Mke wangu, twende hospitali ukapimwe. Huo ni ugonjwa."

"Hospitali wanapima damu. Hawapimi mtu wa chumba cha pili."

Mume alikuwa mtu wa kutafuta hitilafu kwenye nyaya, na hapa hakuona hata waya mmoja wa kuushika.

Siku moja kizunguzungu kilimzidi kazini. Pasi ilimponyoka na kuunguza shati jeupe la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Wakamruhusu aende akapumzike. Alifika nyumbani adhuhuri, jua limesimama, mtaa mzima umenyamaza. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Hakuna srrr. Alivua viatu akanyata.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Kabati pia lilikuwa wazi, na ndani yake magauni yake yalikuwa yanatikisika. Chini ya pindo za magauni aliona miguu miwili, mmoja umekaa sawa, mwingine umelala kwa ubavu. Kutoka humo ndani ilitoka sauti kavu, ya kitu chembamba kinachokunjwa na vidole: kwaru, kwaru, kwaru. Magauni yakapanguka. Uso wa mama mkwe ukachomoza kati ya mikono mitupu ya blauzi, macho yakamtazama.

"Kula," bibi alisema, na mate yakamchuruzika kidevuni. "Kula wewe. Kula!"

Ukelele alioupiga Bi Mkunjo uliwatoa majirani ndani. Mumewe alipokuja kumkuta amejifungia jikoni, alizungumza naye kupitia mlangoni, na jibu alilopata lilikuwa moja: "Mimi au yeye. Asubuhi nisimkute."

Ukikata mkono wa kulia unaumia, ukikata wa kushoto unaumia. Fundi wa lifti alimpigia simu dada yake, wakakubaliana bibi ahamie huko. Asubuhi alitoka mapema kutafuta gari. Mama mkwe alivaa mwenyewe, kifungo kimoja kikiwa katika tundu lisilo lake, akaketi mlangoni na mfuko wake wa nguo mapajani. Hakulia. Aliendelea tu kumtazama mkwe wake, ambaye alisimama mbali, mgongo ukutani, akimeza vidonge vitatu alivyokuwa amevificha ndani ya soksi.

Vilikuwa havijashuka vizuri, tumbo likajipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Bi Mkunjo alishika meza. Meza ikaenda. Akajikuta sakafuni, na kilichomtoka kinywani hakikuwa chakula wala maji: kilikuwa cheusi, chenye chengachenga, mfano wa machicha ya kahawa. Katikati ya ule weusi palikuwa na wekundu.

Srrr. Srrr. Ule mguu ulikuwa unakuja.

"Usiniguse," alijaribu kusema, sauti haikutoka. Kivuli kilimfunika. Akangoja kumalizwa. Badala yake mkono mmoja, wenye nguvu asizozitarajia, ulimlaza kwa ubavu ili asipaliwe, ukamfuta mdomo, ukamshikilia kichwa. Kisha bibi asiyeweza kuita aliokota mfuniko wa sufuria, akaupiga kwenye sakafu, akaupiga, akaupiga, mpaka nyumba zote za jirani zikasikia. Hicho ndicho kitu cha mwisho Bi Mkunjo alichokumbuka.

Hospitalini, daktari wa zamu, mwanamke kijana asiyepoteza maneno, aliuliza huku akitafuta mshipa: "Anatumia dawa zozote?"

"Hapana," mume akajibu. "Huyu hata panadoli hapendi."

Mama mkwe akamvuta daktari koti. Akafungua fundo la kitambaa alichokuwa amekibana kwapani, akakimimina kitandani. Vikaratasi vya dawa vilimwagika, rundo zima, vingi vitupu, vingine vingali na vidonge vya waridi. Daktari alikiinua kimoja, akakisoma, akamtazama mgonjwa.

"Hizi umemeza wewe? Kabla ya kula?"

Bi Mkunjo alikubali kwa macho.

Bibi alikuwa anahangaika na mdomo wake, jasho linamtoka. Alikuwa anatafuta shanga iliyopotea. "Kula," akasema. Akapumua. "Kula... kwanza."

Fundi wa lifti akajishika kichwa. "Mama mkubwa," alisema polepole. "Dada yake mama. Nilikuwa mtoto. Alikuwa anameza vidonge vya magoti, kila siku, hali kitu. Alitapika weusi kama huu. Mama ndiye aliyemshika." Akamgeukia mama yake. "Ulikuwa unamwambia mke wangu ale, mama?"

Bibi akafumba jicho lake zima, na chozi likapita kwenye shavu lililolala.

Bi Mkunjo aliongezewa damu, maana alikuwa ameipoteza nyingi kwa siku nyingi bila kujua; ule weusi wa chooni ulikuwa damu iliyosagika. Hali ilipotengemaa, daktari alimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, akaviona vidonda, akachukua na kipande cha kupima.

"Vidonda viwili," alimweleza. "Na vipimo vimeonyesha bakteria wanaoishi kwenye ukuta wa tumbo."

"Nani aliniwekea?" Bi Mkunjo aliuliza kwa mnong'ono.

"Hakuna aliyekuwekea, dada. Mara nyingi mtu humpata mdudu huyu utotoni, kwa maji au chakula au mate ya wanaomlea. Wengi wanaishi naye na hawaumwi kamwe. Wewe pengine umemlea maisha yako yote, anachimba taratibu. Kisha ukamletea msaidizi. Dawa zile zinautuliza mgongo, lakini zinaliacha tumbo bila kinga. Yule mdudu akala, na vidonge vikala."

Bi Mkunjo aliweka mkono chini ya chembe cha moyo. Wazo la kwamba kitu hai kilikuwa kimekaa humo tangu utoto wake, kimya, kikimsikiliza akiimba na kucheka na kulala, lilimtia baridi kuliko hofu yoyote aliyowahi kuipata nyumbani. Alipewa dawa za kuua bakteria na za kupunguza asidi, akaambiwa azimalize zote hata akijisikia mzima, arudi kupimwa, na mgongo utafutiwe tiba nyingine.

Kasuku alikuja kumwona. Aliposikia habari yote, aliinamisha kichwa. Kisha akaingiza mkono kifuani mwake, akatoa kikaratasi cha vidonge vya waridi, akakitazama kama mtu aliyekuta nge kitandani.

"Na mimi huwa panaungua hapa," alisema.

"Daktari yuko chumba cha tatu," Bi Mkunjo akamjibu. "Nenda sasa hivi, shoga. Usimtafute aliyekufanyia."

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alimkuta mama mkwe mlangoni, na ule mfuko wa nguo bado uko mapajani. Hakuna aliyekuwa amemwambia abaki, naye hakutaka kujikaribisha. Bi Mkunjo alipiga magoti, ingawa mgongo ulilalamika.

"Mama, nilikuita mchawi. Sikukuita kwa mdomo, nilikuita kwa moyo. Nilimwaga uji wako."

Bibi akamwegemezea kiganja kichwani, akakiacha hapo.

Bi Mkunjo aliuchukua ule mfuko, akaufungua mezani. Magauni ya bibi yalikuwa yamekunjamana vibaya, na ndipo alipotambua kwamba yeye, ambaye alinyoosha nguo za mji mzima, hakuwahi hata siku moja kumpigia pasi mama huyu. Akaketi kitini, kama daktari alivyomshauri, akawasha pasi, akayanyoosha moja baada ya jingine na kuyatundika kabatini, kando ya ya kwake. Alikuwa amelinda mlango wa chumba cha pili, akamwaga uji na kumfukuza aliyempenda, na muda wote huo alitembea na adui yake mwenyewe, tumboni na mfukoni. Waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.