Watoto wa Kuku Waliotoka Kabla ya Arobaini

Aliyenipa ngano hii ni wifi yangu Mwanakheri, akinikanda kwa maji ya moto nilipojifungua. Nami nawapa ninyi, wakubwa kwa wadogo.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale ndege wote walikuwa na desturi moja. Mtoto akianguliwa, hatoki nje mpaka arobaini. Anakaa kiotani, uchi, macho kafumba, mdomo wazi. Huyo aliitwa kinda.

Mkali wa desturi alikuwa Bi Hondohondo. Akitaka kuzaa, hujiziba kwa udongo ndani ya shimo la mti, akabakiza ufa mwembamba. Mumewe humlisha hapo ufani. Basi akajiona kungwi wa dunia nzima.

Chini ya mti huo Kuku akaangua watoto kumi. Wakasimama. Wakatembea. Siku hiyohiyo!

"We Kuku!" mdomo wa Bi Hondohondo ukafoka ufani. "Huna haya? Wazibe hao!"

Kuku akaona aibu. Akawaingiza katika shimo la shinani, akaziba kwa udongo, akaketi mlangoni.

Siku ya kwanza: piyo, piyo, piyo! Siku ya pili: piyo... piyo. Siku ya tatu: pi.

"Dada, watoto wanakufa!" Kuku akalia.

"Si uwalishe mdomoni?"

"Sijui kulisha mdomoni. Wangu huokota wenyewe."

"Watazoea. Desturi ni desturi. Ngoja kidogo."

Bi Hondohondo akageuka. Akatoa matako ufani. Pyaaa! Kinyesi kikashuka mti mzima. Akageuka tena, akatoa mdomo. "Nilikuwa nasema nini? Ee, kuona haya!"

Kuku akamtazama. Akatazama mti. Huyu ndiye wa kunifundisha haya?

Paru! Paru! Paru! Akachakura udongo, ukaanguka. Watoto wakatoka wakipepesuka, wakaokota mchwa, wakapata nguvu.

"Hao si makinda!" Bi Hondohondo akapiga kelele. "Hao ni... ni vifaranga tu!"

Lilikuwa tusi. Hata yeye hakujua maana yake.

"Ahsante kwa jina, dada," Kuku akajibu. "Vifaranga, twendeni jalalani!"

Tangu hapo, anayengoja kulishwa kiotani ni kinda. Anayemfuata mama kuchakura ni kifaranga.

Funzo: desturi ya jirani ipime kwanza kwa mtoto wako. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amwulize aliyekuwa macho.

Mimi, asubuhi baada ya kuisikia, nilimtoa mwanangu nje, uani, aote jua. Alikuwa na siku kumi na tisa.

"Arobaini je?" mama mkwe akaguna.

Nikamwamkia shikamoo, nikamgeuza mtoto upande wa pili.